Mstari wa 11 una mistari 10 nyuma yake

Kazi yangu ni kuhariri tafsiri za vitabu vya Kikristo, hasa vile vya imani na maisha ya kila siku: ndoa, fedha, malezi, kazi, uchovu. Vingi vinatoka Marekani. Navipenda. Nimewaona watu ambao kitabu cha teolojia kingewashinda ukurasa wa pili wakimaliza kimoja cha hivi kwa juma moja, kisha wakaenda kupatana na ndugu waliyekuwa hawasemezani naye tangu msiba wa mzazi. Ndiyo maana naumia vinaposomwa vibaya, na mara nyingi ubaya huo huanzia kwenye mstari mmoja tu wa Biblia.

Chukua Yeremia 29:11. Ni nadra nipate mswada wa aina hii usiokuwa nao. Waandishi wengi wa Marekani hutumia NIV, tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyokamilika mwaka 1978, na humo Mungu anasema ana mipango ya kuwafanikisha watu wake. Sura nzima inajengwa juu ya neno hilo: ndoto yako, biashara yako, mlango utakaofunguka. Mswada ukifika mezani kwangu, mfasiri ameshafungua Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 ili aweke mstari kama wasomaji wanavyoujua, na pale pameandikwa: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mafanikio hayapo. Kuna amani. Sura ya mwandishi inabaki inaning'inia.

Wapo wafasiri wanaolikwepa tatizo kwa kuutafsiri mstari upya kutoka Kiingereza. Nakataa. Neno la Kiebrania pale ni shalom, nalo ni pana, lina uzima na ustawi ndani yake, kwa hiyo NIV haikuzua. Lakini neno hilohilo limetajwa mara tatu kwenye mstari wa 7, pale Wayahudi waliochukuliwa mateka wanapoambiwa wautakie amani mji walikopelekwa, maana wao wenyewe watapata amani katika amani ya mji huo. Mji wenyewe ni Babeli! Msomaji wa Union Version anaiona kamba inayoufunga mstari wa 7 na ule wa 11. Ukiandika "kuwafanikisha", umeikata.

Ninavyosoma mimi, Biblia huwa kushoto, kitabu kulia, penseli katikati. Sura moja kwa siku, basi. Kila mwandishi anaponukuu andiko, nasimama, nafungua, naanza mwanzo wa sura ile kutafuta ni nani anamwambia nani, na wakiwa katika hali gani. Inachelewesha, ndiyo. Kitabu cha siku arobaini kinaweza kukuchukua miezi mitatu.

Tena kuna suala la siku yenyewe. Tish Harrison Warren, kasisi wa Kianglikana huko Marekani, alitoa mwaka 2016 kitabu kinachofuata siku moja ya kawaida, kuanzia kuamka na kutandika kitanda, kupiga mswaki, kupoteza funguo, kula kiporo, kugombana na mume, mpaka foleni, chai na usingizi. Ni kitabu kizuri sana, na kiporo tunakijua kuliko yeye. Lakini foleni yake ni ya mtu aliyeketi ndani ya gari lake. Wasomaji wangu wengi wako kwenye daladala, wamesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba, mwingine umeshikilia mkoba. Utulivu anaousifu mwandishi pale haupo hapa, na usijilaumu ukiukosa. Jiulize Mungu anakutana nawe vipi hapo uliposimama, ubavu kwa ubavu na watu usiowajua.

Mwaka uliopita mama mmoja wa jumuiya yetu alinijia na kitabu chake, ile 29:11 ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu mara mbili. Alikuwa ameusimamia mstari huo tangu Januari kwa ajili ya genge lake. Mwezi wa sita wafanyabiashara wote wa pale barabarani wakaondolewa, wakapelekwa eneo jipya lisilo na wateja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaona haya, kana kwamba imani yake ndiyo iliyopungua.

Nilimwomba asome kwa sauti kutoka mstari wa 1. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka. Katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba mambo yatarudi kama zamani ndani ya miaka miwili. Yeremia anawaambia sabini. Mtu mzima aliyeipokea barua ile alijua kwamba watakaorudi ni wajukuu zake. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, hukohuko ugenini.

Alifika mstari wa 5 akanyamaza. Akaurudia kimoyomoyo, kidole kikitembea chini ya maneno.

"Kumbe na hawa walihamishwa," akasema.

Akaendelea mpaka wa 14 bila kuniangalia. Halafu akaniomba penseli, akafungua kile kitabu chake pale penye wino mwekundu, na pembeni ya 29:11 akaandika kwa herufi ndogo: anza 1.