Kilomita Peke Yake Si Kipimo cha Mazoezi ya Baiskeli

Hapa Tanga, mji ambao baiskeli ni chombo cha kila siku, wapo waliosikia kwamba waendeshaji wa Ulaya hujiwekea lengo la kilomita 200 kwa wiki majira ya machipuko yanapoingia, wakadhani kuwa asiyefikisha idadi hiyo hajafanya mazoezi. Dhana hiyo si sahihi. Kinachoujenga mwili ni muda na nguvu inayotumika, ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, bila kutaja umbali wowote. Anayeelekea Pangani huku upepo wa kusi ukimpiga usoni, juu ya baiskeli ya chuma isiyo na gia, yenye tenga la samaki kwenye keria, huenda akachoka kwa kilomita 10 kuliko mwenzake aliyeteleza 25 juu ya lami tambarare.

Tena Machi hadi Mei, wenzetu wa Ulaya wanapotoka kwenye baridi, sisi tuko kwenye masika, na breki zilizolowa hazishiki vizuri.