Kimondo cha Mbozi kilikuwa ndani ya nini?

Karibu kila wiki natumiwa picha za mawe WhatsApp, mtu anauliza kama ni kimondo. Mengi ni mavi ya chuma, na siwalaumu, sababu Wanyiha wa kule Mbozi walikuwa wanayeyusha chuma tangu zamani, mabaki yake ni meusi na mazito ukiyaokota shambani lazima ushtuke. Ila ukilivunja unakuta matundu matundu kama mkate. Kimondo cha chuma hakiko hivyo, ndani ni chuma kimeshikana mwanzo mwisho.

Sasa kile chenyewe cha pale Ndolezi, mkoa wa Songwe, kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unakadiriwa tani 16. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja, W.H. Nott, ndo alikiandikia taarifa, kilikuwa kimefukiwa sehemu kubwa, baadae wakachimba kuzunguka wakaacha udongo wa chini ukibeba kama kigoda. Shimo la kuangukia halipo, kimekaa pale miaka mingi sana mpaka ardhi ikajisawazisha. Ukipitisha mkono juu yake unakuta vibonyo kama mtu kabonyeza dole gumba kwenye ugali wa moto, ule ni moto wa angani ulikuwa unakilamba wakati kinashuka. Na ni kigumu hasa, kukata sampuli ya sentimita 10 kwa msumeno wa chuma iliwachukua masaa 10!

Lakini swali linaloninyima usingizi mi ni hili: chuma chote kile na nikeli yake asilimia 8 na kitu kilijikusanyaje? Chuma hakielei angani kikiwa safi. Ili kijitenge na mawe inabidi kuwe na mwili mzima, kadunia kadogo, kakapata joto mpaka kakayeyuka, chuma kwa uzito wake kikazama katikati na mawe yakabaki juu, alafu baadae kakagongwa na wenzake kakapasuka. Vipande vya katikati ndo hivi vinavyotuangukia.

Ushahidi wake nimeuona kwa macho. Unachukua kipande cha kimondo cha namna hii, unakisugua mpaka king'ae kama kioo, unapaka tindikali kidogo, unasubiri. Taratibu inajitokeza mistari inayokatizana, kama mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri. Ni aina mbili za mchanganyiko wa chuma na nikeli zimejitenga polepole, na ili zijitenge hivyo chuma lazima kipoe polepole mno, kuanzia nyuzi chache hadi elfu chache kwa miaka milioni, huko ndani sana chini ya mawe. Fundi chuma yeyote duniani hawezi kuutengeneza mkeka ule, muda hana.

Na kuna jambo linanigusa zaidi. Vimondo vya chuma tunavipanga kwenye makundi kwa kupima elementi kama galiamu, jemaniamu na iridiamu zilizomo, vinavyofanana tunasema vilitoka mwili mmoja. Cha Mbozi hakijaingia kundi lolote. Yani ule mwili uliokizaa, kwa tunavyojua hadi leo, umetuachia hicho tu kikubwa cha kushika.

Kiini cha dunia yetu, chuma kilichozama katikati vilevile, kinaanzia kilomita 2,900 chini ya miguu, na shimo lenye kina kirefu kuliko yote tuliyochimba, la Kola huko Urusi, liliishia kilomita 12. Hatufiki. Ndo maana Oktoba 2023 NASA ilirusha chombo kwenda asteroidi, yani mwamba wa angani unaozunguka jua, inayoitwa Psyche, upana wake zaidi ya kilomita 200, ina chuma kingi, na inawezekana ni kiini kilichobaki uchi, kitafika 2029. Wao watasafiri miaka karibu 6 na hawatatua hata. Ndolezi unaweka kiganja, hasa asubuhi kabla jua halijakipata, kinakuwa baridi kuliko unavyotegemea.

Tafadhali tu msikigonge na mawe kusikiliza mlio.