Eksirei na fungu la nyota Westerlund 1

Mwezi wa saba, mnamo saa tatu na nusu usiku, mkazi wa Lubumbashi anayetazama kusini, chini kidogo ya mkia wa kundinyota la Nge, huwa ameelekeza macho kwenye Westerlund 1 bila kuliona. Moshi wa nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi unachangia, lakini kizuizi chenyewe ni vumbi lililotanda kati ya nyota kwa umbali wa miaka ya nuru ipatayo 13,000. Fungu hilo, lililogunduliwa na Mswidi Bengt Westerlund mwaka 1961, ni miongoni mwa mafungu machanga yenye tungamo kubwa kuliko yote katika galaksi yetu.

Eksirei zenye nishati kubwa hupenya vumbi hilo, ila angahewa yetu huzizuia, ndiyo maana vyombo vya kuzipokea hupelekwa angani. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hizi kazi ya kutenganisha nyota zilizosongamana inafanywa hasa na Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa angani mwaka 1999.

Nyota changa, hata yenye tungamo la Jua, hutoa eksirei hadi maelfu ya mara kuliko Jua letu kwa sababu ya usumaku wake mkali, ilhali nyota kongwe zilizo mbele na nyuma ya fungu zimekwisha kutulia. Hivyo mtafiti anaweza kutambua nyota zipi ni za fungu kweli. Chandra ililikazia Westerlund 1 kwa takriban sekunde milioni moja, na vikaonekana vyanzo karibu 6,000.

Kwa maoni yangu, jambo lenye faida zaidi ni kupima nishati ya eksirei zenyewe. Wauza madini wa Katanga wanaijua mashine ya mkononi inayoelekezwa kwenye mfuko na kutaja asilimia ya shaba na kobalti: kila elementi hujibu kwa nishati yake. Ndani ya Westerlund 1 pepo za nyota, yaani gesi inayotoka kwenye nyota, zinazovuma kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, hugongana na kupasha gesi joto hadi makumi ya mamilioni ya nyuzi. Kutoka humo imepatikana alama ya chuma kwenye nishati ya kiloelektronivolti 6.7 (kipimo cha nishati ya eksirei), yaani chuma kilichobakiwa na elektroni mbili tu kati ya 26.

Mwaka 2005 Chandra ilifichua humo nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana kinachobaki nyota nzito inapolipuka, yenye usumaku wa kupita kiasi, inayojizungusha mara moja kila sekunde 10.6. Kwa kuwa nyota za fungu huhesabiwa kuwa zilizaliwa karibu pamoja, na nzito ndizo hufa mapema, mzazi wake, yaani nyota iliyolipuka na kuiacha, alikadiriwa kuzidi uzito wa Majua 40, uzito ambao wengi walitarajia uishie kuwa shimo jeusi. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2014 ni kwamba alikuwa na nyota mwenza iliyomnyang'anya gesi kabla ya mlipuko, hata akapungua uzito na kutoishia shimo jeusi, na nyota moja inayolikimbia fungu kwa kasi isiyo ya kawaida, Westerlund 1-5, ndiyo inayoshukiwa kuwa mwenza huyo.