Shimo la nguzo: maana yake katika akiolojia

Katika akiolojia, shimo la nguzo si shimo lililo wazi. Ni doa la udongo wa rangi tofauti, mara nyingi la mviringo, linaloonyesha mahali iliposimikwa nguzo ya mti. Mjenzi wa kale alichimba shimo pana kuliko nguzo, akaisimamisha, akaishindilia kwa udongo na mawe. Mti ulipooza, nafasi yake ikajaa udongo laini na mweusi zaidi. Ardhi ikishavurugwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa, na ndiyo maana mchimbaji anayeikwangua taratibu huweza kuona ramani nzima ya jengo ambalo halikuacha hata kijiti kimoja.

Kwanza huchimbwa nusu tu ya doa, ili nusu iliyobaki ionekane kwa ubavu. Mstari mweusi wa wima katikati ya udongo ulioshindiliwa ni wa nguzo iliyooza ikiwa imesimama, ilhali mdomo uliopanuka huashiria nguzo iliyong'olewa, pengine ikatumike kwingine. Mkaa huweza kuashiria moto, ingawa wapo wajenzi wanaobabua ncha ya nguzo makusudi ili isioze upesi.

Mfano bora, kwa maoni yangu, ni nyumba ndefu za wakulima wa kwanza wa Ulaya ya Kati, za takriban mwaka 5500 hadi 5000 KK. Karibu yote tunayojua kuhusu umbo lake yametokana na mashimo: safu tano za nguzo, mbili za kuta na tatu za ndani zilizobeba paa, na kandokando yake mashimo marefu walimochimba udongo wa kukandikia kuta. Baadhi yake zilizidi urefu wa mita 30.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wa aina hii, ingawa ni wa zama za karibu zaidi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia, wa awali kabisa ukiwa wa karne ya 8.

Hata hivyo, shimo halisemi paa lilikuwa na umbo gani, na magogo yaliyolazwa juu ya ardhi bila kuchimbiwa hayaachi shimo lolote. Kwenye Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa yakapandana, yenye umri wa miaka 476,000 hivi, nayo yalisalimika kwa sababu tu ardhi yake ilibaki imelowa maji.