Garissa sio jangwa tupu: yale watu husema na vile mambo yako

Kila nikiingia Nairobi nikisema natoka Garissa, huku kaskazini mashariki mwa Kenya, lazima kuna mtu ataniuliza, "Sasa huko mnakula nini?" Anauliza kwa huruma kabisa, kama anayemjulia hali mgonjwa. Na mimi nimezaliwa hapa, baba alitoka Kitui akaja na kazi ya serikali akapapenda akabaki, kwa hivyo hilo swali nalisikia tangu niko shule ya msingi na mpaka leo linaniuma. Wacha nijibu yote kwa pamoja, manake mengi yanayosemwa juu ya huu mji yanasemwa na watu ambao hata daraja la kuingia mjini hawajawahi kuvuka.

Ya kwanza ni hiyo ya jangwa, ati ni mchanga na ngamia basi. Joto liko, digrii 35 kwenda juu ni kawaida na mvua ya mwaka mzima ni kidogo, hapo sibishani na mtu. Lakini mji umekaa kando ya Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi pale Kipini. Ukija na basi, ukishapita Mwingi miti inaanza kupungua, inakuja miiba, ukifika Ukasi nchi imekauka mpaka unaanza kuwaamini wale waliokuambia jangwa, halafu ukimaliza Madogo tu unaona mstari wa kijani mbele yako, miembe minene imeinamia maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo Garissa inaanza. Kandokando ya mto kuna mashamba juu na chini ya daraja, watu wanavuta maji kwa pampu, wanalima ndizi, maembe, mapapai, matikiti, ndimu, nyanya, vitunguu, simsim. Njoo sokoni alfajiri mikokoteni ya punda ikishusha matikiti, umkute mama ameketi na papai kubwa kuliko kichwa cha mtoto analipiga kwa kidole kusikiliza kama limeiva, ukimwamkia anakukatia kipande uonje kabla hujauliza bei. Msimu wa maembe ndio usiseme, mengine yanaozea chini ya mti kwa sababu soko la hapa haliwezi kuyamaliza.

Sasa turudi kwa chakula, manake hapo ndipo watu wanakosea zaidi. "Huko ni nyama na wali tu." Nyama iko, na ni nyama kweli, soko la mifugo la Garissa ni moja ya makubwa Afrika Mashariki na Kati, ng'ombe, mbuzi na ngamia wanaletwa hadi kutoka upande wa Somalia halafu malori yanawapeleka Nairobi na Mombasa. Kwa hivyo ile nyama mtu anakula Nairobi akidhani ni ya Nairobi, pengine ilipita hapa ikitembea na miguu yake. Lakini mezani kwetu kuna mengi. Asubuhi ni anjera, na wacha nisahihishe kitu, anjera yetu sio injera ya Ethiopia. Ile ya Ethiopia ni ya nafaka ya tefu, ni pana na kali, hii yetu ni unga wa ngano au mahindi au mtama, uji unalazwa usiku uchachuke kidogo, asubuhi mama anamimina kata moja katikati ya kikaango halafu kwa matako ya ileile kata anazungusha kuanzia ndani kwenda nje mpaka inaacha alama za duara kama ganda la konokono. Upande mmoja tu ndio unapikwa, haigeuzwi. Unamwagia mafuta ya simsim na sukari, chai ya iliki pembeni, hiyo inakufikisha saa saba bila kuhisi njaa.

Mchana hoteli zinaleta wali au baasto, yaani tambi, na watu wanashangaa Wasomali na tambi wapi na wapi. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia miaka mingi, tambi ikabaki jikoni wao wakaenda, na pilipili na hawaji, ule mchanganyiko wa viungo, zikaifanya kitu chetu kabisa. Halafu ndizi mbivu. Mgeni akiona ndizi imewekwa karibu na sahani ya wali na mbuzi anadhani ni ya kula mwisho, anaisukuma kando. Hapana, unamega kipande unakula pamoja na tonge, ule utamu unashikana na chumvi ya nyama, na mgeni akishajaribu mara moja siku ya pili anaitisha mwenyewe.

Kuna na nyirinyiri, hii ningetaka kila mtu aijue. Watu wanasema ni nyama ya zamani, ati imekaa sana, wengine wanasema imeoza. Jirani yetu, sisi wote tulimwita eddo ingawa si shangazi yetu wa damu, alikuwa akitengeneza kila mara kijana wake akirudi chuo. Nyama ya ng'ombe au ngamia isiyo na mafuta anaikata ndefu kama kamba, anaianika mpaka inakuwa ngumu nyeusi nje, halafu anaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi na anakaanga kwa mafuta mengi moto mdogo, polepole, akikoroga bila kuacha mpaka ile sauti ya maji kwenye mafuta inyamaze. Hiyo sauti ndio ilikuwa saa yake. "Ikinyamaza maji yameisha," alikuwa akituambia, "na maji yakiisha hakuna kitu cha kuoza." Anaweka iliki na kitunguu saumu, anafunika na samli kwenye kopo, na hiyo inakaa miezi bila friji. Ni akili ya watu wanaohama na mifugo, walijua kuhifadhi nyama kabla friji hazijafika huku, kwa hivyo kuiita imeoza ni kuwakosea heshima akina mama waliokaa juu ya moto saa nzima.

Maziwa ya ngamia nayo yana uongo wa pande mbili. Wa kwanza, ati yananuka moshi kwa sababu wauzaji ni wachafu. Ule moshi unawekwa makusudi, mama anachoma kijiti cha mti maalum ndani ya kibuyu au chombo anachobebea, moshi unasaidia kupunguza vijidudu na maziwa yanakaa zaidi kwa joto hili na yanapata ile ladha. Uongo wa pili umekuja na mitandao, ati yanaponya sukari. Hayaponyi. Ni chakula kizuri, yana vitamini C kuliko ya ng'ombe na hiyo ni kitu kikubwa mahali mtu anakaa malishoni wiki nzima bila tunda, lakini mgonjwa wa sukari akiacha dawa kwa sababu ya chupa ya maziwa anajiua, tafadhali mwambie mzazi wako. Na uchemshe, hata kama abti, yaani mjomba, anakuambia mabichi ndio yana nguvu, kuna ugonjwa wa brusela unapatikana kwa maziwa mabichi, homa inapanda na kushuka na viungo vinauma miezi. Na kwa vile tuko kwa ngamia, nundu haina maji. Ni mafuta, akiba yake ya njaa, ndio maana ukame ukizidi unaona imelegea imelala upande. Maji anakunywa kwa tumbo kama wanyama wengine ila kwa wingi wa kushangaza, akiwa na kiu anaweza kumaliza lita 100 kwa kusimama mara moja tu.

"Garissa ni Wasomali peke yao." Wasomali ndio wengi, ndio, na mji una sura yao. Lakini kabla lami, kabla ofisi, hapa mtoni walikuwako Wamunyoyaya, wavuvi na wakulima, lugha yao iko karibu na Kioromo, na mpaka leo utawaona na mitumbwi na ndoano wakitafuta kambare kwenye maji yenye mamba. Ng'ambo na kushuka chini kuna Waorma wafugaji, kuna Wamalakote ambao pia huitwa Waelwana, kuna Wapokomo. Na hii ndio napenda kuwaambia wale wanaosema watu wa Tana hawajui Kiswahili: Kielwana na Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili toka tumbo moja, pamoja na Kimijikenda na Kingazija, na wimbo wa taifa wa Kenya ambao kila mtoto anasimama kuuimba, tuni yake ilitoka kwa wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo. Ongeza Wakamba kama sisi, Wameru wa miraa, Wakikuyu wa maduka, Wajaluo, Waborana. Mtaani kwetu mtoto anaanza kwa Kisomali, anamalizia kwa Kiswahili na akikasirika anatukana kwa Kikamba. Salaam aleikum inatosha kukufungulia mlango wowote.

Kitu kingine, watu wanachanganya Garissa mjini na Dadaab. Ziko kaunti moja lakini kambi za wakimbizi, zilizoanzishwa 1991, ziko karibu kilomita 100 kutoka hapa, ni safari. Usinitumie pole kila ukisoma habari za kambi.

Na usalama, hilo siwezi kuruka. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia chuo kikuu hapa wakaua watu 148, wengi wanafunzi, watoto wa watu kutoka kila kona ya Kenya. Siku hiyo mji huu ulilia, na watu wa hapa walipanga foleni kutoa damu. Dhana potofu ni kwamba baada ya pale kila kitu kilikufa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, wanafunzi wako, wanapanga vyumba mtaani, jioni unawakuta wanakula sambusa za moto na kubishana mpira. Ukija uliza hali ya barabara kama vile ungeuliza kwingine, beba kitambulisho manake darajani utaulizwa, na uje.

Bado kuna wazee wanaosema "naenda Kenya" wakivuka daraja kwenda upande wa Madogo, na watu wa bara wakisikia wanakasirika, wanaona ni dharau. Sio dharau. Enzi za mkoloni na hata baada ya uhuru huu upande ulikuwa umefungwa, kutembea ni kwa kibali, na vita vya shifta, wale waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, viliacha watu na makovu, kwa hivyo hayo maneno ni kumbukumbu ya kutengwa, ni mtu anakuambia kilichompata.

Ya mwisho ni mafuriko. Watu wakiona picha za mitaa ya Garissa iko ndani ya maji wanasema, si mlisema hamna mvua? Hatuna nyingi. Yale maji mengi ni yenu. Mvua inanyesha Nyeri, Murang'a, Embu, inajaza bwawa la Masinga na mabwawa yale mengine manne chini yake, yakifurika maji yanashuka kwetu hata kama jua linawaka kabisa, hakuna wingu. Mwisho wa 2023 barabara ya Nairobi ilikatika, na tena Aprili 2024, watu wakawa wanavushwa na boti upande wa Mororo, ng'ambo ya daraja, boti moja ikapinduka watu wakafa. Mashamba niliyoyasema pale juu yalilala chini ya maji na migomba ikaozea imesimama, mwenye shamba anaangalia tu. Lakini maji yakirudi yanaacha tope jeusi laini ambalo Wapokomo wamelima juu yake vizazi na vizazi. Kutoka Masinga mpaka hapa maji hayafiki siku hiyohiyo, kuna nafasi ya kujipanga, kwa hivyo wewe ulioko Embu ukiona imenyesha wiki nzima bila kupumua, pigia simu mtu wako wa Garissa, umwambie atoe pampu mtoni.