Bunduki Haikimbii, Acha Kuikaba

Jumamosi amekuja mwanafunzi mwingine wa kulenga shabaha. Mwili wa mbeba magunia, mishipa imemtoka mikononi, bunduki ameikaba kama amemkamata mwizi sokoni. Namuuliza vipi, ananijibu, "Mwalimu, si nikiibana ndiyo itatulia?" Hili jibu nimelisikia hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika leo. Atakayeniambia tena namwonyesha hapa, mimi naenda kukaa kivulini.

Haitulii. Msuli uliokazwa hutetemeka, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde, uwe bingwa au mgeni. Nyoosha mkono, kunja ngumi kwa nguvu zako zote, kisha tazama kidole gumba. Umekiona? Basi tetemeko hilo ndilo unalolipeleka kwenye mtutu. Tuseme vilengeo, yaani vile vialama viwili juu ya bunduki unavyovilinganisha na shabaha, cha mbele na cha nyuma vimeachana nusu mita, na shabaha iko mita 50. Cha mbele kikihama milimita 1 tu, risasi inahama sentimita 10. Duara la kumi, lile la katikati lenye alama nyingi kuliko yote, katika mashindano ya bunduki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Maana yake hata ukikosea sehemu moja ya kumi ya milimita, kumi imekupita.

Haya ya kushika nayapitia haraka. Kitako, ile sehemu ya nyuma ya bunduki, kikae kwenye kibonde cha bega, si juu ya mfupa na si kwenye mkono. Kilete shavuni, usishuke na shingo kukifuata kama kuku anayedonoa. Mkono wa mbele ni rafu, si koleo: bunduki inalala juu ya kiganja, kiwiko kiko chini yake. Mkono wa nyuma unaivuta begani kwa vidole vitatu vya chini, kwa nguvu ya kubeba nyundo, si ya kugongea msumari. Kidole cha kufyatulia kiwe huru kabisa. Ukikaza kiganja chote, kidole hicho nacho kinakazwa, na badala ya kurudi nyuma moja kwa moja kinaivuta bunduki pembeni.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu wanadhani kulenga ni kuipeleka bunduki kwenye shabaha kwa mikono. Mwili wako, ukishatulia, una upande wake unaoutaka, na bunduki itaelekea huko upende usipende. Ukiisukuma kwa msuli mpaka shabahani, itakutii hadi sekunde ile unayofyatua. Msuli ukilegea kidogo tu, mtutu unarudi kwao. Halafu unaniambia vilengeo ni vibovu.

Jaribu hivi, bunduki ikiwa tupu, umeikagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole, mdomo wa mtutu ukitazama mbele. Jipange, lenga, fumba macho, pumua mara mbili taratibu, kisha fumbua. Yule wa Jumamosi alipofumbua, mtutu wake ulikuwa unaangalia shabaha ya jirani. Unajua alifanya nini? Aliurudisha kwa mikono, akanitazama, akatabasamu. Nikamwambia rudia. Akafumbua macho: kwa jirani tena. Mara ya tatu hakutabasamu.

Dawa ni kuhamisha mwili, mikono iache. Ukiwa umesimama, sogeza mguu wa nyuma. Mguu ukienda upande mmoja, mtutu unakwenda upande wa pili. Ukiwa umelala kifudifudi, kiwiko cha mbele kisiondoke, zungusha nyonga. Mtutu ukiwa juu mno, sogeza mwili mbele kidogo. Ukiwa chini, rudi nyuma. Kisha fumba macho tena. Ndiyo, tena. Inachosha, najua, na ndiyo maana watu wanaona bora kuibana.

"Lakini mwalimu, nisipoibana si itanipiga teke?" Itakupiga, bana au usibane. Risasi inakaa ndani ya mtutu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi, na sehemu kubwa ya teke unaisikia risasi ikiwa imeshatoka. Hapa kuna wajuaji wa upande wa pili wanaosema basi ushikaji hauna maana. Nao wakae kimya kidogo: katika huo muda mfupi bunduki imeshaanza kurudi, milimita moja au mbili. Ukiishika leo hivi, kesho vile, hizo milimita zinaelekea kwingine na risasi zinatawanyika. Kwa hiyo kazi yako ni kuishika vilevile kila mara, na mshiko laini ni rahisi kuurudia kuliko mshiko wa hasira.

Kinachowaharibia wengi ni kuliogopa teke kabla halijaja. Siku hiyohiyo nilimchanganyia risasi moja bandia bila kumwambia ni ya ngapi. Ya nne ikasema "ta!" tu, mlio hakuna, lakini mtutu ulizama kama fimbo ya mvuvi iliyovutwa na samaki. Hakuna aliyecheka. Aliitazama bunduki muda mrefu, kisha akauliza, "Huwa nafanya hivi kila mara?"

Nikiri nisipokuwa na uhakika. Ninachofundisha hapa ni cha shabaha ya utulivu: ubavu kuelekea shabaha, mifupa inabeba uzito, misuli inapumzika. Wanaofyatua harakaharaka husimama kifua mbele, wameinama kidogo, na wanaivuta bunduki begani kwa nguvu zaidi. Kwao iko sahihi, kwa sababu wanataka irudi upesi kwa risasi ya pili. Mpaka uko wapi hasa kati ya mikao hii miwili? Kila mwaka nausogeza. Zamani nilimkemea kila aliyesimama kifua mbele, mpaka baadhi yao wakanishinda mbele ya wanafunzi wangu.

Na kidole gumba cha mkono wa nyuma: kizunguke shingo ya kitako, pale pembamba mkono unaposhika, au kilale ubavuni mwake? Nimefundisha kizunguke, baadaye nikafundisha kilale. Siku hizi mimi mwenyewe nakilaza, ila nikichoka nakikuta kimeshazunguka, na risasi zinaingia palepale.