Hijabu, kilemba na rasta shuleni: yanayosemwa na yaliyomo katika sheria za Kenya

Muhula mpya ukianza nchini Kenya, hazikosi habari za mwanafunzi aliyezuiwa langoni kwa sababu ya kitambaa alichojifunga au nywele alizofuga. Mabishano yanayofuata hujaa mambo ambayo hayamo katika Katiba wala katika hukumu yoyote. Watu wazima wakibishana, mtoto anakosa vipindi, na hilo ndilo linaloniuma.

"Kenya haina dini ya taifa, kwa hiyo dini ibaki nyumbani."

Kenya haina dini ya taifa, ni kweli. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hivyo. Lakini hilo la kuiacha dini nyumbani limetoka wapi? Kifungu cha 32 cha Katiba hiyohiyo kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, faraghani au hadharani. Kisha kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 27 nacho, kinapoorodhesha misingi ambayo haifai kumbagulia mtu, kinataja dini na pia kinataja mavazi.

Wenye dhana hii hupenda kutoa mfano wa Ufaransa. Ni kweli kwamba Machi 2004 nchi hiyo ilipitisha sheria inayowazuia wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazojitokeza waziwazi, zikiwemo hijabu, kilemba cha Masingasinga, kofia ya Kiyahudi na msalaba mkubwa. Huo ulikuwa uamuzi wa Bunge la Ufaransa, katika nchi iliyotenganisha dola na makanisa kwa sheria tangu 1905. Tanzania nayo, kwa katiba yake, haifungamani na dini yoyote, na bado msichana aliyevaa hijabu na sare katika shule ya serikali ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo kusema tu kwamba dola haina dini hakujibu swali la sare. Lazima usome Katiba ya nchi unayoizungumzia.

"Mahakama ya Juu ilishapiga marufuku hijabu."

Hii ndiyo dhana yenye madhara zaidi, kwa sababu hutolewa kama neno la mwisho. Kesi yenyewe ilianzia Isiolo, katika shule ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 lilitolewa ombi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuongeza hijabu na suruali nyeupe juu ya sare, na kanisa likaenda mahakamani kupinga. Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa mwaka 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Rufaa.

Wengi huishia hapo. Sababu iliyotolewa ilihusu utaratibu: ombi la kuitetea hijabu halikuwa limewasilishwa ipasavyo katika Mahakama Kuu, likiwa limeingizwa ndani ya kesi iliyofunguliwa na kanisa. Majaji walisema suala ni zito, na anayetaka kulifuatilia alifungue rasmi Mahakama Kuu. Walisema pia kwamba shule huweka kanuni zake, ila kanuni hizo sharti ziafikiane na Katiba. Mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto nyumbani huku akiinukuu hukumu hiyo anaitwika uzito usiokuwa wake. Vivyo hivyo mzazi anayeipeleka shuleni hukumu ya 2016 kana kwamba bado ina nguvu.

"Sare moja, watoto wote sawa."

Naiheshimu hoja hii kuliko nyingine zote. Sare imewastiri watoto wengi wa maskini, na hakuna aliyeomba ifutwe. Wasichana wa Isiolo walitaka kuongeza vazi, wala hawakutaka kuvua lolote. Ila hebu angalia kanuni ya "kichwa wazi kwa wote" inavyofanya kazi. Kwa wanafunzi wengi haigharimu kitu. Kwa mmoja inadai achague kati ya masomo na anachokiamini kuwa faradhi. Ndiyo maana Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni inayoonekana kutompendelea yeyote inaweza kubagua kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Hukumu ilitenguliwa, lakini hoja hiyo haikujibiwa, na sijasikia bado jibu la kuniridhisha.

"Ni shule ya kanisa, kanisa liamue."

Shule ya umma yenye mfadhili wa kidini bado ni ya umma, na walimu wake huajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamruhusu mfadhili kulea mambo ya kiroho huku akilinda imani za wengine. Shule ya kibinafsi ni habari tofauti.

"Haya ni madai ya Waislamu tu."

Waakorino, ambao ni Wakristo, hufunga vilemba, Masingasinga pia. Na Januari 2019, mwezi uleule wa hukumu ya Kiwanjani, msichana wa dini ya Rastafari alikataliwa katika shule ya Olympic, Kibera, kwa sababu ya rasta zake. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Rastafari ni dini kama nyingine, na shule ikaamriwa imwache asome.

"Basi kila mtu atavaa atakavyo."

Haki ya kudhihirisha dini inaweza kuwekewa mipaka, lakini Kifungu cha 24 kinadai mipaka hiyo iwekwe kwa sheria na iwe na sababu za msingi. "Ndiyo desturi ya shule hii" hakutoshi. Na Kifungu cha 32 kinakataza pia mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kwa hiyo msichana Mkristo katika shule ya umma ya Garissa au Mandera, kwenye Waislamu wengi, halazimiki kuvaa hijabu ili apate dawati, na Mwislamu asiyetaka kuivaa hapaswi kulazimishwa na shule.